Mwongozo wa Kutafuta Alama za Maradhi kwa Hesabu na Kompyuta

Katika zama hizi, ambapo tone la damu laweza kupitishwa katika mashine zikapatikana habari za jeni zipatazo 20,000 kwa pamoja, imezuka kazi ambayo waganga wa zamani hawakuijua, nayo ni kazi ya mwanabiolojia wa kompyuta, mtu asiyechoma sindano wala kushika hadubini, bali hukaa mbele ya majedwali makubwa ya namba akitafuta ndani yake kile kinachomtenga mgonjwa na mzima, au mgonjwa atakayepona na yule ambaye hali yake itazidi kuharibika. Kitu hicho, kiwe ni jeni iliyopanda, protini iliyopungua, au vitu kadhaa vinavyokwenda pamoja, wenye fani hukiita bayomaka, nasi hapa tutakiita alama ya maradhi. Maneno haya nawaandikia vijana waliomaliza masomo ya biolojia, hisabati au kompyuta, na kadhalika matabibu na watu wa maabara wanaotaka kuhamia upande wa hesabu. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa mifano, ni kwamba aghalabu kazi hii hufaulu au huharibika kabla kompyuta haijawashwa, mahali pale damu inapotolewa na jina linapoandikwa, na kwa hiyo mwenye kuitaka sharti ajifunze kuuliza habari za damu kabla ya kuuliza habari za namba.

Utakapoitwa kwa mara ya kwanza katika mradi, utakuta watu wamekwisha kuamua kwamba wanatafuta alama ya maradhi fulani, na kila mmoja ataona jambo hilo limeeleweka. Usikubali upesi hivyo. Uliza: alama hii itamsaidia nani kuamua nini? Maana alama ya kutambua kwamba mtu ana ugonjwa leo si ile ya kutabiri kwamba ataugua mwakani, na hizo mbili hazifanani na alama ya kujua kama dawa inafanya kazi, ijapokuwa zote tatu zaweza kutolewa katika chupa moja ya damu. Chukua kifua kikuu, maradhi ambayo kwetu yanajulikana kila kata. Mgonjwa aliyeshindwa kutoa makohozi, mtoto mdogo asiyejua kukohoa na kutema, na mwenye virusi vya UKIMWI ambaye bakteria wake ni wachache katika makohozi, hawa wote wangefaidika na kipimo cha damu. Lakini kipimo hicho kingeweza kuwekwa mlangoni mwa zahanati ili kuchuja wanaostahili kupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert ya kupima makohozi, au kingeweza kutumiwa kuamua moja kwa moja nani aanze dozi ya miezi sita. Kwa kazi ya kwanza, Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2014 kiwango cha chini kabisa kinachokubalika: kipimo kiwanase wagonjwa 90 katika kila 100, na kiwaachie huru watu 70 katika kila 100 wasiokuwa na ugonjwa. Kwa kazi ya pili, kiwango hicho hakitoshi hata kidogo, na hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba kila mwenye kalamu anaweza kuifuata.

Tuseme watu 1,000 wenye kikohozi wamefika kituoni, na 50 miongoni mwao wana kifua kikuu. Kipimo chetu kitawanasa 45 na kuwakosa 5. Katika wale 950 wasio na ugonjwa, kitawaashiria kimakosa 285. Walioashiriwa wote ni 330, na wenye ugonjwa kweli ni 45 tu, yaani mmoja kati ya saba hivi. Ikiwa kazi ya kipimo ni kuchuja, basi umefanya jambo kubwa, kwa sababu badala ya kupima makohozi ya watu 1,000 utapima ya 330; ikiwa kazi yake ni kuanzisha tiba, umewanywesha watu 285 dawa za miezi sita ambazo hawakuzihitaji, na dawa hizo zina madhara kwenye ini. Sasa chukua kipimo kile kile ukipeleke katika shule ya bweni ambako katika wanafunzi 1,000 wagonjwa ni 10: kitanasa 9, na kitawatia hofu wengine 297 bure. Kipimo hakikubadilika, waliobadilika ni watu waliopimwa. Fanya hesabu hii siku ya kwanza ya kila mradi, mbele ya daktari mwenye mradi, na umwombe yeye mwenyewe ataje idadi ya wagonjwa anaotarajia kuwaona katika kituo chake, kwa kuwa ndiye aijuaye.

Likishapatikana jibu la swali hilo, ondoka mezani uende mahali damu inapotolewa. Hili ni jambo ambalo watu wa kompyuta hulidharau, nami nalihimiza kuliko jingine lolote katika mwongozo huu. Keti karibu na muuguzi asubuhi nzima, utazame. Kwa masomo ya RNA, ambayo ni ujumbe unaotolewa na jeni zinapofanya kazi, damu hutiwa katika chupa maalumu ziitwazo PAXgene, ambazo ndani yake mna dawa ya kuusimamisha ujumbe huo usibadilike. Chupa moja huchukua mililita 2.5 za damu, na ikishajazwa yapasa igeuzwe juu chini kwa utaratibu mara 8 hadi 10, kisha isimame katika joto la chumba saa 2 kwa uchache kabla ya kugandishwa, wala isikae katika hali hiyo kupita siku 3. Damu iliyotiwa katika chupa ya kawaida ikaachwa juu ya meza mpaka adhuhuri inaendelea kuishi, chembe zake nyeupe zinashtuka, jeni zingine zinapanda na zingine zinashuka, na ukiisoma baadaye utasoma habari za ile meza pamoja na habari za mgonjwa.

Huko kituoni ndiko utakakogundua mambo ambayo hayamo katika jedwali utakalotumiwa. Utaona, mathalani, kwamba wagonjwa hutolewa damu saa mbili asubuhi wanapofika kliniki, ilhali wale wazima wa kulinganishwa nao hutolewa jioni wakitoka kazini, nawe wajua kwamba chembe nyeupe za damu hupanda na kushuka kwa saa za mchana na usiku. Utaona kwamba wagonjwa waliandikishwa wakati wa masika na wazima wakati wa kiangazi, hata malaria ikajiingiza katika upande mmoja zaidi ya mwingine. Fauka ya hayo utaona kwamba wale wazima ni wanafunzi wa chuo wenye umri wa miaka ishirini na ushei, na wagonjwa ni wazee wa miaka hamsini. Kila tofauti ya namna hii itajitokeza katika hesabu zako ikiwa imevaa joho la ugonjwa, na hakuna fomula itakayoivua ikiwa tofauti hiyo imeambatana na ugonjwa moja kwa moja.

Hapo ndipo pa kusema neno juu ya watu wa kulinganishwa. Ni rahisi mno kumtenga mgonjwa wa kifua kikuu aliyekonda na mwenye homa na kijana mwenye afya njema aliyekuja kuchangia damu. Jicho la muuguzi linatosha, wala halihitaji jeni. Anayepaswa kulinganishwa naye ni yule aliyeketi naye benchi moja, anayekohoa kama yeye, mwenye nimonia au pumu au malaria, kwa sababu huyo ndiye atakayemtatiza tabibu. Mwaka 2008 Margaret Pepe na wenzake waliupanga utaratibu huu vizuri kwa kusema kwamba sampuli zikusanywe kwa watu wote wanaostahili kupimwa, kabla haijajulikana nani mgonjwa na nani si mgonjwa, ndipo baadaye wateuliwe kwa bahati nasibu kutoka kila upande, na wanaopima maabara wasijue sampuli ipi ni ya upande gani. Ukipewa nafasi ya kusema jambo moja tu katika kikao cha kuandaa mradi, sema hilo.

Damu ikishafika maabara huja mtihani mwingine, nao ni mikupuo. Mashine haziwezi kusoma sampuli 400 siku moja, kwa hiyo husomwa kwa mafungu, na kila fungu huwa na siku yake, dawa zake, mikono yake na joto lake. Ikiwa wagonjwa wote wamesomwa fungu la kwanza na wazima wote fungu la pili, basi kazi imekwisha kabla haijaanza, kama mwenye duka aliyepima sukari yake kwa mizani moja na ya jirani kwa mizani nyingine, kisha akajisifu kwamba yake ni nzito. Jambo hili si la kufikirika. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha habari ya kipimo cha protini za damu kilichodaiwa kutambua saratani ya mifuko ya mayai kwa kunasa wagonjwa wote bila kukosa hata mmoja, na matumaini yakawa makubwa, kwani saratani hiyo hugunduliwa ikiwa imechelewa. Keith Baggerly, Kevin Coombes na mwenzao, wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston, walizichukua data zilizowekwa hadharani wakazichunguza upya, na mwaka 2004 wakaeleza kwamba sehemu ya tofauti zile ilionekana hata katika maeneo ya vipimo ambako hakuna protini ya maana, palipo na kelele za mashine tu, na kwamba utaratibu wa kupima haukuwa sawa kwa pande zote. Wale wanawake waliotarajia kipimo hawakukipata.

Basi wewe, kabla sampuli hazijapangwa katika sahani za maabara, omba upewe orodha, uichanganye kwa kompyuta ili kila fungu lipate wagonjwa na wazima, wanaume na wanawake, na watu wa kila kituo, kwa uwiano. Kazi hii huchukua nusu saa. Baadaye, ukitaka kupunguza tofauti zilizobaki baina ya mafungu, ziko njia kama ile ya ComBat iliyotolewa mwaka 2007, nazo zafaa, ila hufaa pale tu ambapo kila fungu lina watu wa pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye jedwali lenyewe. Utaletewa mafaili mawili: moja la namba zilizotoka mashineni, lenye maelfu ya mistari ya jeni, na la pili la habari za watu, lenye namba ya mshiriki, jinsi, umri, tarehe, kituo, na hali ya ugonjwa. Kiungo cha kazi yote ni ile namba ya mshiriki inayounganisha mafaili hayo, na hapo ndipo misiba hutokea. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika Nature Medicine habari kwamba wamepata mifumo ya jeni inayoweza kumwonyesha daktari dawa ipi ya saratani itamfaa mgonjwa yupi. Baggerly na Coombes, wale wale wa Houston, waliombwa na madaktari wenzao waichunguze njia hiyo ili waitumie kwa wagonjwa wao. Walipoyarudia mahesabu hatua kwa hatua, waliona kwamba orodha za jeni zilikuwa zimesogea mstari mmoja chini, kila jeni ikichukua nafasi ya jirani yake, kwa sababu faili lilikuwa na kichwa ambacho programu haikukitarajia; na mahali pengine waliona kwamba waliotajwa kuwa wanasikia dawa walikuwa wale wasioisikia, na kinyume chake. Waliyaandika hayo mwaka 2009. Wakati huo wagonjwa halisi walikuwa wamekwisha kuandikishwa katika majaribio matatu ya tiba yaliyotegemea mifumo hiyo. Majaribio yakasimamishwa, makala ikafutwa mwaka 2011, na hatimaye ikathibitishwa na serikali ya Marekani kwamba mbali na makosa palikuwa na udanganyifu pia. Lakini kusogea kwa mstari mmoja hakuhitaji mdanganyifu. Kwaweza kumtokea mwaminifu yeyote siku ya Ijumaa jioni.

Zifuate kawaida chache hapa. Faili la asili lisiguswe kamwe, liwekwe mahali pa kusomwa tu, na kila badiliko lifanywe kwa programu iliyoandikwa na kuhifadhiwa, ili mwingine akitaka kuirudia njia yako aanze mwanzo afike mwisho bila kukuuliza. Usifungue orodha ya jeni kwa Excel ukaihifadhi, kwa maana Excel ikiona jeni iitwayo SEPT2 hudhani ni tarehe 2 Septemba, na MARCH1 huifanya tarehe 1 Machi. Watafiti walipopekua makala za jeni mwaka 2016 waliona kwamba takriban moja katika tano ya zile zilizoambatanishwa na orodha za Excel zilikuwa na makosa ya namna hii, na mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ilikuwa imekwisha kuona afadhali kubadili majina yenyewe, SEPT2 ikawa SEPTIN2 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Aidha, kabla ya hesabu yoyote, linganisha jinsi iliyoandikwa na jinsi ambayo damu yenyewe inaitangaza: jeni iitwayo XIST hufanya kazi kwa wanawake, na RPS4Y1, ambayo imo katika kromosomu ya Y, hufanya kazi kwa wanaume. Chora mchoro wa jeni hizi mbili, na kila nukta itajitenga upande wake. Ukiona mshiriki aliyeandikwa mwanamume amekaa katikati ya wanawake, usimhamishe wala usimfute kimya kimya. Mpigie simu mtu wa maabara, mtafute pamoja katika daftari la kupokelea sampuli, na huenda mkakuta chupa mbili za siku moja zilizobadilishana vibandiko. Na kama hizo mbili zilibadilishana, jiulizeni ni ngapi nyingine zilibadilishana baina ya watu wa jinsi moja, ambazo mchoro huu hauwezi kuzifichua.

Upande wa takwimu vitabu ni vingi, nami nitapita upesi. Ukipima jeni 20,000 ambazo hakuna hata moja inayohusiana na ugonjwa, ukaridhika na kile kikomo cha asilimia 5 kilichozoeleka, utaletewa jeni 1,000 za bahati tu. Kwa sababu hiyo hutumika masahihisho, na yale ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995 ndiyo yanayotumika zaidi. Kwa data za RNA zilizohesabiwa, programu za DESeq2, edgeR na limma, zote zikitumia lugha ya R na zote zikipatikana bure katika hazina ya Bioconductor, zitakutosha kwa miaka mingi. Katika damu nzima kumbuka kwamba zaidi ya nusu ya ujumbe wote hutoka katika jeni chache za hemoglobini, kwa hiyo uliza kama maabara iliziondoa au la.

Kosa moja, hata hivyo, lastahili kuelezwa kwa utuvu, kwa kuwa huwanasa hata walio hodari. Mtu huchukua sampuli zake zote, huteua jeni 20 zinazotenga vizuri zaidi, kisha hugawa sampuli hizo katika mafungu, hufunza kielelezo chake, yaani fomula ya kumtenga mgonjwa na mzima, kwa baadhi na kukijaribu kwa zilizobaki, na matokeo hung'aa. Lakini zile jeni 20 zilikwisha kuwaona watu wote wakati wa kuteuliwa, kwa hiyo jaribio halikuwa jaribio. Christophe Ambroise na Geoffrey McLachlan walilionyesha hili mwaka 2002 kwa kuzirudia kazi zilizochapishwa: uteuzi wa jeni ukirudishwa ndani ya kila mgawo, yale makosa yaliyosemekana karibu hayapo yalionekana yapo. Ukitaka kujua kama utaratibu wako umevuja, changanya majina ya wagonjwa na wazima ovyo ovyo ukaendeshe programu nzima tangu mwanzo. Ikikupa ushindi mahali ambapo hapana cha kushinda, rudi nyuma utafute tundu. Na kielelezo kikishakamilika, kifunge: andika jeni zake, uzito wa kila moja, na kikomo cha kusema ndiyo au hapana, weka tarehe, ndipo ukipeleke kwa watu wapya ambao hakijawahi kuwaona. Baada ya mambo ya Duke, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisisitiza katika ripoti yake ya mwaka 2012 kwamba kufunga huku kuwe sharti kabla ya mgonjwa yeyote kutibiwa kwa mujibu wa kipimo cha aina hii.

Ukitaka kuona safari nzima ya alama moja, kifua kikuu kina historia ya kusomwa. Mwaka 2010 kundi lililoongozwa na Anne O'Garra wa London lilichapisha katika Nature alama ya jumbe 393 za RNA, iliyopatikana kwa wagonjwa wa London na kuthibitishwa kwa wagonjwa wa Cape Town, nayo ilionyesha kwamba katika damu ya mwenye kifua kikuu jeni zinazoamshwa na intaferoni hupanda kwa nguvu, kisha hushuka tiba inapoendelea. Mwaka 2016 watafiti wa Afrika Kusini, waliowafuata vijana wa miaka 12 hadi 18, walitoa alama ya jeni 16 iliyoweza kuwatambua wengi wa wale watakaougua ndani ya miezi 12, ikinasa asilimia 66 yao na kuwaachia huru asilimia 81 hivi ya wasiougua, na wakaijaribu kwa watu wengine wa Afrika Kusini na wa Gambia. Mwaka huo huo kundi la Stanford likaonyesha kwamba jeni 3 tu, GBP5, DUSP3 na KLF2, zaweza kutosha kumtambua mgonjwa. Jeni 3 ndizo zinazoweza kuingia katika kijisanduku cha mashine ya kituo cha afya, 393 haziingii. Kisha likaja jaribio liitwalo CORTIS, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2021: watu wazima wa Afrika Kusini walipimwa kwa alama ya jeni 11, na walioashiriwa wakagawanywa, wengine wakapewa dawa za kinga kwa wiki 12 na wengine wasipewe. Alama iliwatambua wenye hatari kubwa zaidi kama ilivyotarajiwa, lakini dawa zile hazikuwapunguzia hatari ya kuugua. Naliheshimu sana jaribio hili, kwa maana lilikwenda mbali kuliko wengi waendavyo, likauliza kama kumjua mwenye hatari kunamfaa yeye mwenyewe.

Kwa watu wa kwetu kuna jambo jingine la kutia akilini, kwamba alama iliyopatikana kwa watu wa nchi moja haichukuliwi ikapandikizwa kwa wengine bila kuchunguzwa. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, hutegemea chembe nyekundu kuishi muda wake wa kawaida; mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea pwani yetu kwa sababu ya historia yetu na malaria, chembe zake huishi muda mfupi zaidi, na kipimo chake husoma chini kuliko sukari ilivyo kweli, hata kisukari kikapita bila kutambuliwa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 ulilithibitisha hili kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Vilevile kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta protini ya HRP2 hubaki kikionyesha ugonjwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na huko Eritrea walionekana vimelea wengi waliopoteza jeni ya protini hiyo, hata vipimo vikawapita wagonjwa na nchi ikalazimika kubadili vipimo. Kila uletewapo alama mpya, uliza inategemea nini mwilini, na kama kitu hicho ni sawa kwa watu utakaowapima.

Data hizi ni amana. Mtu aliyetoa damu yake kwa utafiti wa kifua kikuu hakutoa idhini ya kila kitu, na mfuatano wa jeni zake waweza kumtambulisha yeye na nduguze hata jina likifutwa. Nchini Tanzania kibali cha maadili ya utafiti hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022. Kenya sheria yao ni ya mwaka 2019. Isome fomu ya ridhaa ya mradi wako neno kwa neno kabla ya kugusa faili, na ukiombwa kutuma data ng'ambo, dai mkataba wa maandishi unaotaja nani atachambua, nani ataandika, na nini kitawarudia wale waliotoa damu.

Mahali pa kujifunza pako karibu kuliko ilivyokuwa zamani. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha bayoinfomatiki kwa shahada ya uzamili, na mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Cape Town, uliendesha kwa miaka mingi masomo ya utangulizi yaliyowakutanisha wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika darasani kwao huku mwalimu akiwa mbali. Lakini hata asiye na nafasi ya chuo anaweza kuanza leo, akiwa na kompyuta ya kawaida na intaneti ya kushusha faili mara moja.

Nenda katika hazina ya GEO ya Marekani ushushe data zenye namba GSE19491, ambazo ndizo za ile kazi ya London na Cape Town. Soma kwanza habari za washiriki, uandike kwa mkono ni wangapi wa kila kundi, wa umri gani na wa mji gani. Chora XIST na RPS4Y1 uone kama jinsi zinakubaliana. Teua jeni kwa wagonjwa wa London peke yao, jenga kielelezo chako, kifunge, ndipo ukijaribu kwa wale wa Cape Town mara moja tu, uandike matokeo yoyote yatakayotoka. Kisha, kwa kuwa ndani ya data hizo wamo pia wagonjwa wa lupasi na wa maambukizi ya bakteria wengine, wapitishe na hao katika kielelezo chako uhesabu ni wangapi kinawaita wagonjwa wa kifua kikuu. Idadi hiyo iandike juu kabisa ya ripoti, mahali ambapo tabibu ataiona kabla ya kuona mchoro wowote.